Ukurasa wa Pili wa Meja Mahadhi

Shella, Malindi
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Mzee Randu,

Shikamoo. Hunijui kwa sura. Mimi ni Hafswa, kitinda mimba wa Meja Mahadhi Abdulqadir, ambaye wewe ulikuwa karani wa kikosi chake. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu Baba anasema sikio lako moja liliharibiwa na mizinga, na la pili hulikubalii kuguswa na simu. Barua anakuletea binti yako Jedida. Nilimkuta juzi katika duka la dawa anakofanya kazi, nikataja jina la Baba, akasema, "Kumbe ndiye! Babangu akilisikia jina hilo hunyamaza." Nimelichukua kuwa ni heshima.

Haja yangu ni hii. Brigedia Mramba amestaafu, na wenyewe wa Kilifi wanamfanyia sherehe katika hoteli moja ya Bofa, Jumamosi tarehe 19 Oktoba. Baba amealikwa atoe hotuba, kisha amkabidhi zawadi. Zawadi aliyoichagua ni upanga wa babu yake, uliofuliwa Siyu, ambao sisi wanawe hatukuruhusiwa kuushika ila kwa Bismillahi na mikono miwili.

Nisikufiche, mambo haya yananitia kichefuchefu. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Oliver, hunipigia simu mara tatu kwa siku. Mara Baba asikae mstari wa mbele, huo ni wa kanali kwenda juu. Mara avae nishani zake zote, "zinapendeza kwenye picha". Jana aliniuliza, "Mzee wako alistaafu akiwa nani? Meja tu?" Nikamjibu, "Meja tu, kama wewe ulivyo Oliver tu."

Lakini Baba ana furaha ambayo sijamwona nayo miaka mingi. Anasema Brigedia ndiye mtu pekee aliyempigania asistaafishwe na cheo cha meja. Kila Idd humpelekea halua, mwaka wa kumi na tatu huu. Anataka hotuba iwe na tarehe za kweli, na anasema mwenye tarehe ni wewe peke yako, maana uliandika kila siku ya jeshi katika daftari. Tafadhali nisaidie.

Mwanao,
Hafswa Mahadhi


Matsangoni
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Hafswa,

Marahaba. Barua yako niliipokea Jumatatu saa kumi na mbili na robo jioni. Nimepekua daftari zangu kwa siku mbili.

Mramba alifika kikosini kuwa kamanda, akiwa luteni kanali, tarehe 6 Julai 2009, saa nne asubuhi. Baba yako alikuwepo tayari, msaidizi wake, meja wa mwaka wa sita. Tarehe 22 Novemba 2010 tulipelekwa kaskazini kwa mazoezi. Tarehe 9 Desemba lori letu moja lilipinduka katika mto uliofurika, askari wawili wakaumia, wakapona. Tarehe 1 Februari 2011 tulirudi kambini. Tarehe 20 Juni mwaka huo Mramba alipandishwa kuwa kanali. Tarehe 31 Agosti 2012 baba yako alifikisha umri wa mwisho wa cheo chake, akastaafu. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari. Mramba akapata ubrigedia tarehe 2 Mei 2016, mimi nikiwa nimeshaondoka.

Hizo zatosha hotuba. Iwe fupi. Wageni wa sherehe huwa na njaa.

Kuhusu upanga, naomba ushauri wangu ufikiriwe. Si desturi ya jeshi letu afisa kumpa afisa mali ya ukoo. Kalamu nzuri yatosha, au saa ya ukutani. Upanga usitoke nyumbani.

Msalimie Meja. Alikuwa afisa safi.

Wako,
Sajini (mstaafu) Randu Menza


Shella, Malindi
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mzee Randu,

Shikamoo, na ahsante. Baba alizisoma tarehe kwa sauti, moja moja, kama anayekagua gwaride. Alipofika kwenye sanduku ulilombebea akavua miwani akaifuta.

Lakini ameona pengo. Umetoka Februari 2011 ukarukia Juni. Anasema moyo wa hotuba yake uko papo hapo, ndani ya hiyo miezi uliyoiruka. Ndipo bodi ya vyeo ilipokaa Nairobi. Ndipo Mramba alipomjia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yanamlengalenga, akamwambia, "Mahadhi, nimekupigania mpaka wakubwa wamenichoka. Wamekataa. Sijui una adui gani huko juu." Baba anataka tarehe ya siku hiyo. Anataka kusimama Bofa aseme, siku kadhaa, mwezi kadhaa, mtu huyu alilia kwa ajili yangu.

Na ule ushauri wa saa ya ukutani umemuudhi. Alisema, "Randu anazeeka vibaya."

Mimi sikuudhika, Mzee. Mimi nimeshtuka. Mtu aliyeandika mpaka saa ya kupokea barua yangu hawezi kusahau miezi minne. Na kwa nini upanga usitoke? Unajua nini? Nimeshampangusia Baba suti, upanga umetiwa mafuta na ala imepigwa rangi. Zimebaki siku kumi na tatu. Kama kuna neno, niambie mimi kwanza.

Hafswa


Matsangoni
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Mwanangu Hafswa,

Barua yako imekaa mezani kwangu tangu Jumapili. Jambo la halua ndilo lililonishinda. Sikujua kuwa anampelekea halua. Nilipolisoma katika barua yako ya kwanza sikula siku ile, na Jedida akadhani ni malaria.

Nitaeleza kwa utaratibu. Kila mwaka kamanda huandika ripoti ya siri juu ya kila afisa aliye chini yake. Yetu ilikuwa na kurasa tatu. Afisa huitwa, huisoma, hutia sahihi kwenye ukurasa wa tatu kwamba ameisoma na ameridhika. Kisha hupelekwa Nairobi, na bodi ya vyeo huamua kwa hiyo. Kurasa mbili za mwanzo hazina sahihi ya mtu.

Tarehe 10 Machi 2011 baba yako aliitwa, akasoma, akatia sahihi. Ukurasa wa pili ulisema kwamba siku ya mto yeye alionya maji hayavukiki, na lori lilipopinduka aliingia majini mwenyewe akawatoa askari wawili. Ulisema anafaa kuwa luteni kanali bila kuchelewa. Ni kweli tupu. Amri ya kuvuka ilitolewa na Mramba, kwa redio, akiwa kwenye kambi ya mazoezi anakunywa chai, nami nikiwa kando yake. Niliisikia kwa masikio yangu yote mawili.

Tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, Mramba aliniita. Nairobi walikuwa wameanza kuuliza nani alitoa amri ile. Akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. "Koplo, ukurasa wa pili una makosa. Chapa huu." Nikasema, "Afande, Meja ameshatia sahihi." Akanitazama. "Ametia sahihi ukurasa wa tatu. Mimi nimekwambia wa pili."

Nikauchapa. Ukurasa mpya ulisema Meja Mahadhi aliwavusha askari bila kupima mto wala kusubiri amri, na kwamba hafai kupewa kikosi. Nikaubana pamoja na ule wenye sahihi yake. Bodi ikaona mtu aliyesoma aibu yake mwenyewe akaridhika nayo. Nani angempigia kura?

Mramba hakumpigania. Siku aliyoketi kitandani kulia ni tarehe 27 Mei. Najua kwa kuwa alinipitia ofisini baadaye akaomba maji ya kunawa uso, akawa anacheka.

Nakuomba usimwambie Meja. Zuia upanga kwa njia nyingine. Mtu wa miaka sitini na ushei habari hii itamwua.

Randu Menza


Shella, Malindi
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mzee Randu,

Barua yako nimeisoma chooni, mlango nimeufunga, na nilifanya vyema kuisomea huko.

Unaniomba nimfiche. Kwa hiyo sasa tuwe watatu: Mramba, wewe na mimi, sote tunajua, na Baba apande jukwaani amshukuru aliyemmaliza. Umeniona mtu wa namna gani? Na habari haitamwua. Kilichokuwa kikimwua ni kutojua. Miaka kumi na miwili akiswali hapa, nikimsikia akimuuliza Mola adui yake ni nani huko juu. Adui yake alikuwa chumba cha pili, anachapa.

Nilikuwa nikiamini alinyimwa cheo kwa ajili ya dini yetu, au kwa kuwa ni mtu wa Pwani. Nimewachukia watu wasio na hatia, Mzee. Kumbe ni mtu wa Kilifi, na karani wa Matsangoni, Wapwani watupu.

Nakupa njia moja. Ijumaa, tarehe 18, baada ya sala ya adhuhuri, uje Shella na daftari lako. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitapika, nitakutandikia mkeka, sitakutukana. Ukija nitakuita Baba Jedida mpaka kufa kwangu. Usipokuja, barua yako ya tarehe 10 nitampa aisome.

Bwana Oliver amepiga tena. Anataka upanga uletwe mapema "ufanyiwe mazoezi", na Baba anapoutoa apige goti kidogo. Goti!

Hafswa


Matsangoni
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Mwanangu Hafswa,

Nilikusudia kuja. Suruali ilipigwa pasi jana. Leo nimeamka na homa, na goti la kulia limevimba. Jedida ni shahidi.

Nimekutumia kitu chenye nguvu kuliko mimi. Nimechana jani lenyewe la daftari langu la 2011, ambamo mna tarehe 14 Machi. Wino ni wa siku ile. Neno la mtu mzima mwenye homa laweza kutiliwa shaka, lakini jani hili halina shaka. Mpe Meja, au likifaa lipelekwe mbele. Sijapata kuchana daftari maishani mwangu.

Mwambie nilimheshimu siku zote.

Randu Menza


Shella, Malindi
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Randu,

Jedida hakusema homa. Nilimuuliza, akaangalia chini. Mwache, usimgombe. Ni mtoto mwema, hajui kusema uongo. Sijui kajifunzia wapi.

Ijumaa baada ya sala nilimpa Baba barua yako na jani lako. Alisoma barua mara mbili. Akasoma jani. Kisha akafanya jambo ambalo wewe, mtu wa utaratibu, hukulifikiria. Akaligeuza.

Nyuma ya jani, chini kabisa, kuna tarehe 4 Aprili. "Leo nimepewa tepe ya tatu. Sasa ni sajini. Tumechinja mbuzi. Meja Mahadhi amenipa mkono wa pongezi na kunikumbatia." Wiki tatu tu baadaye. Katika barua zako zote hilo hukuliona la kuandika. Baba aliniuliza, "Wewe ulilijua hili?" Nikasema la. Akasema, "Vizuri," akaenda kutawadha, na sala haikuwa imefika.

Jumamosi akavaa suti. Nikadhani hatakwenda. Akasema, "Nimealikwa, nimekubali." Upanga aliuacha. Nikaendesha gari mpaka Bofa.

Kiti chetu kilikuwa nyuma ya nguzo ya hema. Mbele walikaa kwa vyeo, na wake kwa vyeo vya waume zao, mpaka sahani zilipangwa kwa vyeo: kamba wa kukaanga waliishia kwa luteni kanali. Oliver akawa anatuzunguka kama nzi. "Mzee, upanga uko wapi? Upanga?" Baba akamwambia, "Uko kwao."

Akaitwa. Akatoa karatasi, akaanza kusoma tarehe zako. Tarehe 6 Julai 2009, Brigedia alifika kikosini. Makofi. Tarehe 22 Novemba 2010, alituongoza kaskazini. Makofi. Sauti ni ile ile, haikupanda wala kushuka. Tarehe 9 Desemba, alitoa amri kwa redio tuvuke mto uliofurika, na askari wawili wakaumia. Makofi. Nikadhani nimesikia vibaya. Tarehe 14 Machi 2011, alimwamuru karani wake abadilishe ukurasa wa pili wa ripoti yangu, nikiwa nimeshatia sahihi wa tatu, ili kosa lake liwe langu. Makofi! Mama mmoja karibu yangu akapiga kigelegele. Watu walikuwa wakitafuna, wakitazama simu, wakingoja karatasi iishe. Walisikia tarehe, wakasikia jina la Brigedia, wakapiga.

Mmoja tu alisikia. Mramba aliacha kutabasamu. Akatazama huku na huku, kushoto, kulia, akaona kila mtu anashangilia. Basi naye akapiga makofi. Nimeona kwa macho yangu. Alijipigia makofi.

Kisha akainuka akamkumbatia Baba mbele ya kamera, mdomo sikioni. Nilisogea nikasikia. "Nafasi ya ukanali ilikuwa moja, ndugu yangu, na lile lori lingeninyima. Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo." Baba akajitoa mikononi mwake, akasema, "Siku ile nilikuwa ndani ya maji." Tukaondoka. Kufika Matsangoni, pale pale kwenu, akaniomba nisimamishe gari. Akashuka akatapika kando ya barabara. Hakuwa amekula kitu.

Nilitaka kuja kukugongea mlango. Akasema, "Endesha."

Hafswa


Matsangoni
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Kwa Meja Mahadhi Abdulqadir,

Afande,

Nakuandikia wewe mwenyewe, jambo nililopaswa kulifanya zamani. Sikuwa na homa. Goti ni la kweli lakini halikunizuia. Hata baada ya kutuma barua ile, nilifika mpaka barabarani Ijumaa, nikasimama dakika arobaini, nikarudi.

Tepe niliipokea. Sikuiomba, lakini nilijua ni ya nini, na nilichinja mbuzi. Uliponikumbatia nilinusa sabuni yako ya kunyolea. Harufu hiyo mpaka leo nikiisikia kwa kinyozi hutoka nje. Ukurasa wa nyuma wa lile jani nilikuwa nimesahau kwamba upo. Hata hilo si kweli. Nadhani nilitaka mtu augeuze.

Miaka yote nimejiambia kwamba koplo hana uwezo wa kumkataa luteni kanali. Nimelisema mpaka likaoza mdomoni. Praiveti asiye na tepe hata moja alikuwako aliyekataa kuendesha lori la pili siku ya mto, akafungwa siku kumi na nne, akatoka, maisha yakaendelea. Nina tarehe zake pia.

Sasa nakuomba kitu kimoja, Afande. Niambie nifanye nini. Ukisema niandike kwa makao makuu, nitaandika kesho. Ukisema niende redioni, nitakwenda. Ukisema nije Shella nipige magoti mbele ya majirani zako, nitakuja kwa hili goti bovu. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Lolote utakaloamuru nitalitii, na nitaliandika siku na saa niliyolitimiza.

Nangoja amri yako.

Sajini (mstaafu) Randu Menza


Shella, Malindi
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Randu,

Nimepata barua yako. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika, mkono ulianza kwa "Sajini", nikachana karatasi.

Binti yangu anataka nimchukie Mramba. Simchukii. Namwona kama uchafu uliokanyagwa: mtu huosha kiatu akaendelea. Alikuwa na cheo cha kupata, akakipata, na sasa ana picha zake. Kinachonitia kinyaa kiko karibu zaidi. Baada ya tarehe 14 Machi nilikaa kikosini mwaka mmoja na miezi mitano. Kila asubuhi ulileta faili mezani kwangu, nami nikawa natia sahihi pasipo kusoma. Maafisa wengine walinicheka. Nikawaambia, "Kikitoka kwa Randu hakisomwi." Nawe ulikuwa umesimama hapo, umebana mikono, unasikia.

Unasema koplo hawezi kukataa. Aliweza kuja kwangu jioni ile aniambie, "Afande, wamekubadilishia." Maneno mawili. Nisingekutaja. Ulinijua vya kutosha kujua kwamba nisingekutaja.

Sasa unaomba amri. Unataka nikuambie uende makao makuu, ili ukienda uwe umetumwa. Unataka nikuambie unyamaze, ili ukinyamaza uwe umetii. Ukweli ukiusema kwa amri yangu utakuwa wangu, na uongo wa kwanza utabaki wa Mramba, nawe hutakuwa na chako katika yote mawili. Hapana. Mara moja ulipewa amri ukanimaliza kwayo. Sitakupa nyingine ya kujisafishia.

Mimi si meja wa mtu. Nimestaafu, nawe umestaafu. Hakuna juu yako mtu yeyote sasa. Utakachofanya utakuwa umekifanya wewe, na usipofanya, pia ni wewe.

Usiniandikie umeamua nini.

Mahadhi Abdulqadir